Kabla hujauliza Wahindu wana miungu wangapi, hesabu kwanza mizani (uzi wa mashairi yao)

MizaniNane (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya Uhindu ikifunguliwa, ukurasa wa kwanza tu watu wameshagawanyika. Huku "miungu milioni 330", kule "hapana, ni mmoja tu, majina ndiyo mengi". Pande zote mbili zinanukuu tafsiri za nathari, na mvurugano unaanzia hapo. Maandiko yenyewe sehemu kubwa ni mashairi. Yana vipande na yana hesabu, na mara nyingi jambo zito kuliko yote kuhusu Mungu Mkuu limesemwa na umbo la ubeti kabla neno halijasema. Ukiuvunja ubeti ukabaki na maana tupu, nusu ya hoja imekwenda na maji.

Zana kwanza. Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada za Kisanskriti, ina nyimbo 1,028 katika vitabu 10. Bahari (mikondo ya mashairi) tatu zinatosha kuanzia:

Gayatri: vipande 3 vya silabi 8, jumla 24.
Anushtubhi: vipande 4 vya silabi 8, jumla 32. Hii ndiyo baadaye ikaitwa shloka.
Trishtubhi: vipande 4 vya silabi 11, jumla 44.

Mliozoea tenzi mmeshaona: shloka ina mizani 32 kama ubeti wa utenzi. Msikimbilie kusema nani kamwibia nani, ni kufanana tu. Utenzi unashikwa na kina. Shloka haina kina hata kimoja, inashikwa na uzito wa silabi. Silabi ni nzito ikiwa irabu yake ni ndefu (e na o huhesabiwa ndefu siku zote), au ikifuatwa na konsonanti mbili, au ikifungwa na m ya puani au pumzi ya h mwishoni. Nyingine zote ni nyepesi.

Sasa jaribuni ubeti unaojulikana kuliko wote, Rigveda 3.62.10 (yaani kitabu, wimbo, ubeti):

tat-sa-vi-tur-va-re-nyam
bhar-go-de-va-sya-dhi-ma-hi
dhi-yo-yo-nah-pra-cho-da-yat

"Mng'ao ule bora wa mungu Savitar na tuutafakari, naye aziamshe akili zetu." Hesabu: 7, 8, 8. Inapungua moja. Kosa la kawaida ni kuongeza yale maneno ya mwanzo, "Om bhur bhuvah svah", ili kuziba pengo. Hayo ni utangulizi wa kisomo, hayamo ndani ya zile 24. Dawa yake ni kuifungua "nyam" iwe "ni-yam", kama ilivyotamkwa zamani kabla sauti hazijabanana. Hapo unapata 8.

Kwa zana hiyo nendeni 10.129, wimbo wa mwanzo wa dunia, beti 7 za trishtubhi. Unaanza: "Hakukuwa na kisicho, wala hakukuwa na kilicho, wakati ule." Ubeti wa 2: "Hicho kimoja kilipumua pasipo upepo, kwa nguvu yake chenyewe." Ubeti wa 6 unasema miungu walikuja baada ya kuumbwa huku, kwa hiyo huyo wa asili si mmoja wao. Kisha ubeti wa 7:

Uumbaji huu ulikotokea,
kama aliufanya, au la,
mwangalizi wake katika mbingu ya juu kabisa,
yeye hakika anajua. Au labda hajui.

Hesabuni kipande cha pili: ya-di-va-da-dhe-ya-di-va-na. Ni 9. Zinakosekana mbili, tena baada ya neno "la". Sikio linasubiri jibu na linapewa kimya. Nathari haiwezi kukuonyesha hilo hata kwa tanbihi ndefu.

Karibuni, na wanaojua zaidi wanisahihishe.

nipo_siti_ya_mbele

Nimeweka kambi.

Mwanagenzi254

Mkuu, swali la kichokozi. Kwa nini 7 ya Gayatri uiite utamkaji uliobanana, halafu 9 hii uiite ufundi? Huenda mnakili mmoja alisinzia tu.

MizaniNane

Swali zuri sana hilo. Tofauti iko kwenye maneno yenyewe. "Nyam" ina y iliyogandana na n, ukiigandua unapata silabi. Hata ubeti wa kwanza wa 10.129 uko hivyo: kipande cha pili, "nasid rajo no vyoma paro yat", kina 10 mpaka uifungue "vyo" iwe "vi-o", ndipo 11 zinatimia. Sasa rudi kwenye "yadi va dadhe yadi va na". Hakuna mgandano wowote wa kufungua. Imepungua na itabaki imepungua.

Kuhusu kusinzia: Rigveda ilihifadhiwa kwa mdomo, na kwa mbinu za kuzuia hilohilo. Kuna kisomo cha neno mojamoja (padapatha). Kuna krama: neno la 1 na la 2, la 2 na la 3, la 3 na la 4. Kuna jata: 1-2, 2-1, 1-2, kisha 2-3, 3-2, 2-3. Mwanafunzi aliyepita huko hadondoshi silabi mbili kirahisi. Wapo wataalamu wanaosema pengo ni la makusudi, na mimi niko upande wao.

LughaTamu

Nyongeza kwenye mbinu ya swali. Wimbo wa 10.121 una beti 10. Tisa za mwanzo kila mmoja unaishia na kituo hiki hiki: "Ni mungu yupi tumtumikie kwa sadaka?" Anatajwa aliyezishika mbingu na nchi, mwenye pumzi, mfalme wa vyote vipumuavyo, na kila mara jina linazuiwa, unarudishiwa swali. Ubeti wa 10 ndipo jina linatoka: Prajapati, bwana wa viumbe.

Ile padapatha aliyoitaja mtoa mada haikuugawa ubeti huo wa 10 neno kwa neno kama ilivyofanya kwa hizo tisa. Ndiyo maana wengi wanauona umeongezwa na mtu aliyechoshwa na swali. Waliofuata walikwenda mbali zaidi: neno "Ka", yaani "nani", wakalifanya jina la Prajapati. Mungu anaitwa Nani!

Mkitafsiri wimbo huu msikibadilishe kituo ubeti hadi ubeti kwa kuogopa kuchosha. Kuchosha ndiyo kazi yake.

chuma_cha_reli

Sawa, mashairi matamu. Ila hamjajibu. Miungu ni wangapi?

LughaTamu

Swali lako lina umri mrefu, ndugu. Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi (maandiko ya mafundisho yanayofunga Veda), sura ya 3 fungu la 9, Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya hivyohivyo. Anajibiwa kwa fomula ya wito wa zamani: watatu na mia tatu, watatu na elfu tatu, yaani 3,306. Ndiyo, lakini hasa wangapi? 33. Hasa wangapi? 6. Kisha 3. Kisha 2. Kisha mmoja na nusu. Kisha 1. Huyo mmoja na nusu ni upepo uvumao, na mmoja ni pumzi, ndiye brahman. Zingatia kwamba hakuna jibu lililofutwa. Kila moja linapokewa kwa "ndiyo", halafu swali linarudi.

Milioni 330 imetoka kwenye "koti 33". Koti ni milioni 10, na 33 ukizidisha unapata hiyo. Ila neno hilohilo lina maana ya "aina" pia, na Veda zenyewe (maandiko ya kale, Rigveda ikiwamo) husema 33. Mtu akikupa hiyo namba kubwa muulize ubeti.

Na ule mstari unaopenda kunukuliwa, "kilicho ni kimoja, wenye hekima wanakitaja kwa namna nyingi", ni 1.164.46. Watu hukata mwanzo wake. Ubeti unaanza kwa kuwataja miungu Indra, Mitra, Varuna, Agni. Orodha kwanza, umoja baadaye. Ukikata orodha umoja unabaki hauna cha kuunganisha.

Bi_Kidawa

Hapo kwenye "kilicho ni kimoja" ndipo pana kazi kubwa kwetu sisi waandishi wa Kiswahili, na sioni watu wakiitaja. Kisanskriti kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike na isiyo ya upande wowote. "Tad ekam" ya 10.129 ni ya tatu. Brahman, ule ukweli wa mwisho, nao ni wa tatu. Ukiandika "Yule Mmoja" umeshamtia kwenye ngeli ya watu, umempa uso ambao mshairi alijizuia kuutoa. Mtoa mada kaandika "hicho kimoja kilipumua", na ndivyo inavyotakiwa: KI, basi. Inakwaruza masikio, najua. Waswahili hatujazoea kumsema Mkuu kwa ngeli ya kiti na kisu. Lakini hata huko kwao ubeti unakwaruza, maana kitu kinapumua.

Geuza sasa upande wa pili. Upanishadi nyingine, Shvetashvatara 4.3:

Wewe mwanamke, wewe mwanamume,
wewe mvulana, au pia msichana,
wewe mzee upepesukaye na mkongojo,
ukizaliwa una uso kila upande.

Hapa mshairi ameacha "hicho" akashika "wewe". Kiswahili kinafaidi sana, kwa sababu "wewe" na "yeye" zetu hazina uke wala ume. Lugha nyingine za kutafsiria zinalazimika kuchagua kati ya huyu wa kiume na huyu wa kike ubeti unaofuata tu. Sisi tunapita bila kugusa ukuta.

Jambo jingine, mara nyingi mno naona haya yakichanganywa humu:
brahman – ukweli wa mwisho, hana jinsia;
Brahma (a ya mwisho ndefu) – mungu muumbaji, wa kiume, ana hadithi na sura;
brahmana (a ya kwanza ndefu) – kuhani, na pia aina ya vitabu vya nathari vya ibada.
Kiswahili hakiandiki urefu wa irabu, kwa hiyo yote yanafanana machoni. Andikeni "brahman" kwa herufi ndogo na n yake, na Brahma kwa herufi kubwa bila n. Itatuokoa mabishano ya kurasa tano.

nipo_siti_ya_mbele

Kambi nimeihamishia kwa Bi Kidawa.

MizaniNane

Bi Kidawa, hiyo ya ngeli naiweka kichwani mwa uzi.

Na kwa kuwa tupo kwenye uzi: "sutra" maana yake uzi, na katika Gita (mazungumzo ya mungu Krishna na shujaa Arjuna) 7.7 Krishna anasema vyote vimetungwa kwake kama shanga kwenye uzi. Uzi hauonekani, shanga zinaonekana. Basi, twende Gita yenyewe.

Beti 700, sura 18, zimo ndani ya Mahabharata, utendi mrefu wa vita. Karibu zote ni shloka. Sura ya 10 ni orodha: katika kila kundi Krishna anajitaja kuwa ndiye bora wake. Katika herufi yeye ni A. Katika bahari za ushairi, 10.35, yeye ni Gayatri. Mkuu wa vyote anajitaja kuwa bahari ya ushairi, na anayasema hayo kwa silabi 8 kamili: ga-ya-tri-chan-da-sa-ma-ham.

Sura ya 11 ina beti 55. Arjuna anaomba kuiona sura yake halisi. Hadi ubeti wa 14 ni shloka kama kawaida. Ubeti wa 15 Arjuna anafungua kinywa, na bahari inabadilika: trishtubhi, silabi 11, ile ya Rigveda. Inaendelea hadi ubeti wa 50, kisha wa 51 inarudi shloka, pale Arjuna anaposema akili imemrudia kwa kuiona tena sura ya kibinadamu. Beti 36 za ukale mtupu katikati. Ni kama mghani wa tenzi aachie ghafla mizani nane, atoe sauti ya kale, amalize, arudi. "Mimi ni wakati" (11.32) iko humo ndani, na ndiko alikoombea msamaha Arjuna kwa kuwa alikuwa akimwita Mkuu "we rafiki" wakati wa kula na kucheza. Tafsiri yenye mdundo mmoja toka 11.1 hadi 11.55 imelizima hili kabisa.

Mwanagenzi254

Kama shloka ni 8×4 na utenzi ni 8×4, kwa nini tusitafsiri Gita kwa utenzi? Nimejaribu 9.26, mwenye kutoa jani, ua, tunda au maji:

Jani, ua, tunda, maji,
akinipa muhitaji,
kwa moyo wake mchaji,
nakipokea, nakila.

Mizani nane zote, vina ji-ji-ji-la. Semeni.

Bi_Kidawa

Mwanangu, mkono unao. Ila huyo "muhitaji" katoka wapi? Kwenye ubeti wa asili hayumo. Ameletwa na kina. Na akishaingia anabadilisha mafundisho: sasa inaonekana neema hii ni ya wahitaji, ilhali mshairi amesema "yeyote". Hiyo ndiyo hatari ya kufunga vina palipokuwa hapana vina.

Kingine, umedondosha marudio. Asili ina neno bhakti (pendo la ibada) mara mbili: "mwenye kunipa kwa bhakti", kisha "hicho kilichotolewa kwa bhakti". Mara ya pili si ya kujaza. Vitu vinne vya mstari wa kwanza vimesahaulika, kinacholiwa sasa ni kile kilichopita kwenye pendo. Mimi ningeacha kina, nikalinda mizani:

Jani, ua, tunda, maji,
mwenye kunipa kwa pendo,
kitolewacho kwa pendo
na moyo safi, nakila.

Na hiyo "nakila" uliipata vizuri. Asili inasema "ashnami", nala. Wengi wanalainisha "nakipokea", kwa kuona haya Mkuu wa ulimwengu kutafuna tunda.

MizaniNane

Naongeza la kiufundi hapohapo, kwa wanaotaka kujua shloka halisi inashikwaje. Kila kipande angalia silabi ya 5, 6 na 7. Vipande vya 1 na 3: nyepesi, nzito, nzito. Vipande vya 2 na 4: nyepesi, nzito, nyepesi. Jaribu "pat-ram-push-pam-pha-lam-to-yam": ya 5 pha nyepesi, ya 6 lam nzito, ya 7 to nzito. Sawa. "Yo-me-bhak-tya-pra-yac-cha-ti": pra nyepesi, yac nzito, cha nyepesi. Sawa. Kipande cha 3, "ta-da-ham-bhak-tyu-pa-hri-tam", kinakataa: tyu, pa, hri, zote nyepesi. Si kosa. Ni ruhusa inayoitwa vipula, na inakubalika kwenye vipande vya 1 na 3 peke yake. Anayeanza huona vipula akadhani kahesabu vibaya, akarudia mara kumi.

chuma_cha_reli

Haya yote ni ya makuhani na Kisanskriti chao. Mtu wa kawaida wa sokoni aliimba nini? Na ule wimbo wa mwili kugawanywa matabaka mbona mmeuruka?

LughaTamu

Haujarukwa kwa kuogopa. Ni Rigveda 10.90, beti 16. Purusha, mtu wa asili ambaye mwili wake uligawanywa ukawa dunia, ana vichwa elfu, macho elfu, miguu elfu, ameifunika dunia pande zote na bado anazidi kwa vidole kumi. Robo yake ni viumbe vyote, robo tatu hazifi, ziko mbinguni. Hapo ni nadharia ya Mkuu aliye ndani ya dunia na nje yake. Kisha ubeti wa 12: mdomo wake kuhani, mikono mtawala, mapaja mkulima na mfanyabiashara, miguuni akatokea shudra, tabaka la watumishi. Taswira moja imebeba fikra kubwa na mzigo mkubwa. Na waliokuja kuukataa mzigo huo waliukataa kwa mashairi vilevile.

Karne ya 12, nchi ya Wakannada, kusini mwa India, wanatokea washairi wa vachana. Hawana bahari, hawana hesabu, maana ya neno ni "lililosemwa". Mmoja wao, Basavanna, anasema: matajiri watamjengea mungu Shiva hekalu, mimi maskini nifanye nini? Miguu yangu ni nguzo, mwili ni hekalu, kichwa ni kuba la dhahabu. Kilichosimama kitaanguka, kinachotembea kitadumu. Angalia mwili ulivyorudi, safari hii bila madaraja: mwili wa maskini mmoja, wote kwa pamoja, ni nyumba ya Mkuu.

Utajuaje ni ya Basavanna? Kwa chapa ya mwisho. (Neno letu "chapa" ni la hukohuko India, "chhap", na washairi wa Kihindi hulitumia kwa jina linalotiwa mwishoni mwa shairi.) Ila Wakannada hawa hawatii jina lao, wanatia jina la mungu: Basavanna "Kudalasangamadeva", Akka Mahadevi "Chennamallikarjuna", Allama Prabhu "Guheshvara", bwana wa pango. Mshairi anatambulika kwa namna anavyomwita Mungu wake. Tafsiri zinazoandika "ee Bwana" kila mahali zimefuta sahihi zote tatu.

Sonara_wa_Maneno

Soko ndilo langu, niingie.

Kabir, mfumanguo wa Varanasi, karne ya 15. Doha: mistari miwili, kila mmoja una mapigo 24, yamegawanywa 13 na 11. Hapa hatuhesabu silabi, tunahesabu mapigo: fupi 1, ndefu 2. Nusu ya pili huishia ndefu-fupi.

Jab main tha tab hari nahin: ja1 ba1 main2 tha2 ta1 ba1 ha1 ri1 na1 hin2 = 13.
Ab hari hai main nahi: a1 ba1 ha1 ri1 hai2 main2 na2 hi1 = 11 (na ya hapa ni ndefu).

"Nilipokuwepo mimi, Hari (jina la Mungu) hakuwepo. Sasa Hari yupo, mimi sipo." Kwenye 13 mimi nimetangulia. Kwenye 11 Hari ametangulia, mimi nimesukumwa ukingoni, na neno la kufunga ni "sipo". Mstari wa pili wa doha hii unapatikana kwa sura mbili, moja ya taa iliyoondoa giza, nyingine ya kichochoro cha pendo kisichopitisha wawili. Mkiona tofauti msigombane.

Kabir anamwita Mkuu "Ram". Wasomaji wengi wanateleza hapo wakidhani ni Rama wa hadithi, mwana wa mfalme Dasharatha wa Avadh. Mwenyewe amekana: dunia inamsifu mwana wa Dasharatha, lakini siri ya jina Ram ni nyingine. Kwake ni nirguna, asiye na sifa wala umbo.

Mshairi Tulsidas alianza Ramcharitmanas, hadithi ya Rama kwa mashairi, huko Ayodhya mwaka 1574, na humo swali hilohilo anamtia Parvati, mke wa Shiva, kinywani: Rama huyu ni yule mwana wa mfalme wa Avadh, au ni yule asiyezaliwa, asiye na sifa? Shiva anajibu kwa ukali, kisha anatoa mfano: asiye na sifa anakuwaje mwenye sifa? Kama maji, theluji na mvua ya mawe, si vitu mbalimbali. Mstari wa mfano una mapigo 16 kamili: ja-lu hi-ma u-pa-la bi-la-ga na-hin jai-sen, yaani 2+2+3+3+2+4. Silabi kumi na mbili za mwanzo zote fupi, mbili za mwisho ndefu. Matone yanadondoka, halafu yanaganda. Sisemi alipanga, nasema someni kwa sauti.

Bi_Kidawa

Watamil nao tusiwasahau. Mshairi wao Nammalvar ana Tiruvaymoli, beti 1,102 za kumsifu mungu Vishnu, imefungwa kwa antadi: neno linalomaliza ubeti linaanzisha ubeti unaofuata. Kwetu ni pindu, wengine mkufu. Ila pindu yake haiishi. Neno la mwisho kabisa linarudi kwenye neno la kwanza kabisa, lenye maana ya kuwa juu. Huwezi kusema anaanzia wapi.

Hiyo 1,102 imezidi kwa nini? Ni mafungu 100, kila moja beti 11, ilipasa 1,100. Fungu la 2.7 linataja majina 12 ya Vishnu, jina moja kwa ubeti, na wa 13 wa kufungia. Mafungu 99 ya beti 11 ni 1,089, jumlisha 13.

Mwanagenzi254

Sonara, na Wagujarati? Hao ndio majirani zetu toka enzi za majahazi, Zanzibar, Mombasa, Dar.

Sonara_wa_Maneno

Nilikuwa nakuja huko. Narsinh Mehta, karne ya 15, Junagadh, upande wa Saurashtra, ambako pamoja na Kachchh ndiko walikotoka wengi waliofika pwani yetu. Nyimbo zake za alfajiri huitwa prabhatiya. Mmoja unasema: katika ulimwengu wote ni wewe mmoja, Shri Hari, unayeonekana kwa sura tofauti zisizo na mwisho. Mfano wake ni wa dhahabu: ikishafuliwa, majina na maumbo yanatofautiana, mwishowe dhahabu ni dhahabu. Neno "sonara" lenyewe tumelichukua huko, kwa hiyo mfano huu hauhitaji tanbihi Darajani wala Kariakoo. Bangili, kipini, herini, vyote vikirudi kwenye kalibu ni kitu kimoja.

Bahari yake ni jhulna, "bembea". Mapigo 37: 10, 10, 10, 7.

a-khi-la brah-man-da-ma = 3+7 = 10
e-ka tu shri ha-ri = 3+2+2+3 = 10 (ri ya mwisho inavutwa)
ju-ja-ve ru-pe a- = 5+4+1 = 10
-nan-ta bha-se = 3+4 = 7

Kituo cha tatu kinaukata mle ndani ya neno "ananta", lisilo na mwisho: a- iko upande huu, -nanta upande ule. Ukiimba usisimame pale kwa kuwa neno halijakwisha, pitiliza kama bembea inavyopita katikati. Na kile kipande cha 7 kiacheni kifupi. Wanaoimba wapya hukivuta kifike 10 ili kilingane na vingine, na mdundo wote unaanguka.